Kalibu Niliyomchongea Kaka Yangu

Mlionisoma Jumapili iliyopita mliniacha mlangoni kwa mama. Kaka yangu Emilian alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, ananiomba nimchongee medali ya jubilei ya parokia. Nami nikamjibu ndiyo.

Tangu hapo watu wananisimamisha njiani. "Tadea, ulimkubalia vipi mtu yule?"

Leo nawajibu. Nilimkubalia kwa sababu alikuwa amenipa mwenyewe njia ya kummaliza.

Ambao hamkuwapo mwanzo, nawapa kwa ufupi, maana nikirudia yote nitalia, na leo sina nia ya kulia.

Sisi ni ukoo wa kuchonga kalibu. Kalibu ni kipande cha chuma kilichochongwa picha kwenda ndani, tena kinyumenyume. Ukikiminya kwenye shaba, picha inainuka, na hapo unapata sarafu au medali. Babu mkubwa, Bernadi, aliiokota kazi hii Tabora, wakati wa vita ya Wajerumani, kwenye karakana walikokuwa wakipiga sarafu za shaba zilizoitwa heller. Alikwenda kama mpagazi, akarudi ziwani na patasi ndogo zimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi.

Mwanawe, babu yetu Othmar, akaanza kuwapigia mapadri medali za Bikira Maria. Hakuwa na picha ya kuiga, akatumia uso wa mama yake mzazi, na chale zake mbili shavuni. Baba yetu, Ladislaus, akaendelea na uso uleule. Pwani yetu yote, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, waliobatizwa walimvaa bibi yetu shingoni. Hata Waanglikana wa Liuli walizinunua, ila walizivaa ndani ya shati.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na Emilian akawa wa kwanza kwetu. Alimwambia baba faraghani, mimi pekee nikisikia, kwamba anapeleka kalibu za babu Songea zikasafishwe kutu. Hazikurudi. Alimuuzia mtu wa Dar es Salaam, na yule naye akazivusha nje.

Mwaka haukuisha, medali za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu zikajaa soko la Mbinga, zinatoka kwenye maboksi kama pipi. Baba aliokota moja, akaigeuza kwenye jua, akaona chale mbili shavuni.

"Huyu ni bibi yangu," alisema. Hakumtaja Emilian kwa mtu yeyote, wala hakushika tena patasi. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Emilian alifungua duka Mbinga, karibu na stendi. Kijijini walipouliza kalibu zimekwenda wapi, alijibu zimeibwa. Wengine waliamini, wengine walinong'ona. Mimi niliapa kwenye udongo mbichi wa kaburi: Emilian, nitakuvunja mbele ya watu.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni.

*

Padri Protasi, paroko wetu, hakutaka jubilei ya parokia iadhimishwe kwa plastiki. Alitaka medali mpya ya shaba, ichongwe hapahapa, na ya kwanza ipigwe hadharani baada ya misa. Emilian aliposikia akatoka Mbinga mbio na pikapu yake, akamwambia padri: "Mimi ndiye mtoto wa kiume wa Ladislaus. Kazi hiyo ni yangu."

Lakini Emilian hajui kuchonga. Tangu utotoni patasi kwake ilikuwa kama samaki hai, inamteleza. Baba alimfundisha hadi akachoka. Mimi sikufundishwa. Nilikuwa nafagia karakana, na kila nilipofagia niliangalia.

"Utachonga wewe," aliniambia siku ile mlangoni, "lakini watu wajue ni mkono wangu. Tumeelewana, dada?"

"Tumeelewana, kaka."

"Najua una kinyongo na mimi."

"Baba ameshakufa," nikamwambia. "Kinyongo cha nini tena?"

Akanishika bega, macho yakamlengalenga. Nusura nicheke.

Nilichonga nikiwa nimejifungia karakana ya baba. Nilichonga Bikira Maria mpya, si bibi yetu, mwanamke mwingine niliyemtoa kichwani mwangu, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa jina. Nasema bila haya kuwa ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukitaka kumwangusha mtu mrefu, mpandishe kwanza kwenye kiti.

Ikabaki kukomaza chuma.

Chuma cha kalibu kinachomwa mara mbili. Mara ya kwanza unakichoma hadi kiwe chekundu kama pilipili mbivu, halafu unakizamisha ghafla kwenye mafuta. Kinatoka kigumu kweli, lakini ugumu wa kijinga. Kikipata kishindo kinapasuka kama kioo, vipande vinaruka. Ndiyo maana unakirudisha motoni mara ya pili, moto wa taratibu, hadi kipate rangi ya nyasi kavu. Hapo kinatulia. Kinapokea kishindo bila kinyongo.

Mimi hiyo mara ya pili sikuifanya. Na kwenye ile ya kwanza, badala ya mafuta, nilitumia maji baridi ya ziwa.

Mama alikuwa tatizo. Mama yetu, Notburga, ndiye aliyevuta mivukuto ya baba maisha yake yote ya ndoa. Angekaa pale angejua kwa kunusa tu. Kwa hiyo asubuhi ile nilimtuma ufukweni.

"Mama, wavuvi wameingia. Nenda ukanunue usipa kabla wachuuzi wa Mbinga hawajamaliza."

"Na mivukuto?"

"Nitavuta mwenyewe."

Akaniangalia. Mama ana kuangalia kwake, kama anayekagua mchele. Akajitwisha ungo, akaenda.

Aliporudi kalibu ilikuwa mezani, imepoa, inang'aa. Akaiinamia, akaitazama sana yule mwanamke wa kwenye chuma.

"Baba yako angekunyima chakula kwa wivu," akasema. Kisha: "Umeirudisha motoni?"

"Nimeirudisha, mama."

"Vizuri."

Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, kwa polisi, kwa wanaume, hata kwenye kitubio. Huo ndio pekee ulionichoma koo.

Lakini ulipita. Nilimwona tayari akilini Emilian, suti yake ya kijivu, uwanja wa kanisa umejaa, anazungusha mkono wa mashine kwa mbwembwe. Pah! Chuma kinapasuka. Watu wanaguna. Wazee wanaulizana: mtoto gani huyu wa Ladislaus asiyejua hata kukomaza chuma? Na mtu asiyejua kazi ya baba yake, anashindwaje kuuza vifaa vya baba yake? Nilitaka aibu. Na kama kipande kingemchana shavu, akapata chale zake mwenyewe, nisingemtafutia bandeji.

*

Emilian alikuja kuichukua Jumanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Biashara, mama."

Aliishika kalibu, akaigeuza, akapiga mluzi. Halafu akaigonga kwa ukucha, akaiweka sikioni kidogo. Ililia nyembamba, kama bilauri. Akanitazama, akatabasamu, akaifunga kwenye taulo.

"Ahsante, dada. Hujui umenisaidia kiasi gani."

Nikadhani ni furaha tu ya mjinga.

*

Siku ya jubilei Sekela alifika kwetu mapema. Sekela ni mke wa Emilian, nesi, mtu wa Tukuyu aliyeletwa na serikali kwenye zahanati yetu. Sijawahi kuwa na ugomvi naye. Alikuwa na doti ya khanga mpya mkononi.

"Wifi, mwamshe mama aoge. Hii ni yake. Emilian amesema avae hii, watu wamwone vizuri."

"Wamwone akifanya nini?"

"Kumbe hujaambiwa?" Akacheka. "Mama ndiye atakayepiga medali ya kwanza. Kwa heshima ya marehemu baba. Padri amekubali, amefurahi mno!"

Ndoo niliyokuwa nimeshika ilinitoka.

"Mama hawezi," nikasema. "Ana bega bovu."

"Bega lipi?"

Mama mwenyewe alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, kitambaa kichwani. Amesikia yote.

"Mama, mashine ile ni nzito. Mwachie Emilian."

"Tadea." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimekaa nyuma ya mivukuto tangu nilipoolewa. Baba yako akipiga medali, watu walimpigia vigelegele yeye, mimi nikakohoa moshi. Leo nimeitwa mbele. Unataka nibaki nyuma?"

Akaipokea khanga, akaikunjua, akaipitisha shavuni kama msichana.

Nilikimbia hadi kanisani na kandambili mguu mmoja. Ya pili ilikatikia njiani nikaiacha.

Mashine ya babu Othmar ilikuwa tayari imewekwa juu ya jukwaa la mbao mbele ya mlango wa kanisa. Ni skrubu nene kama paja, na juu yake mkono mrefu wa chuma wenye tufe zito kila ncha. Ukiuzungusha, skrubu inashuka kwa nguvu zote, kalibu inaiminya shaba. Ili uone kama shaba imekaa sawa, lazima uinamishe uso karibu kabisa.

Emilian alikuwa anaifuta vumbi.

"Kaka, nipe kalibu mara moja niisafishe."

"Imeshafungwa."

"Ifungue. Ina kasoro."

Akaacha kufuta. "Kasoro gani?"

"Ya herufi. Herufi moja imekaa vibaya."

"Nani atasoma?" Akanisogelea. Alinukia sabuni ya kuogea ya dukani kwake. "Tadea, una neno lolote la kuniambia?"

Ningemwambia pale. Neno moja lilitosha. Lakini kumwambia Emilian kwamba nimemtega na nimeshindwa, halafu anitazame kwa lile tabasamu, na baba yuko chini ya udongo! Ulimi ulikataa. Kweli ulikataa, kama punda.

"Sina," nikasema.

"Basi nenda kakae na wanawake."

*

Misa ikaisha. Uwanja ulijaa hadi kwenye vichanja vya kuanikia usipa. Waliteremka watu wa Mbinga mjini, watu wa vijiji vya Mpepai na Ruanda. Nilijaribu kumfikia mama nimvute khanga. Alikuwa katikati ya mabibi wa chama cha Kanisa, wamemzingira wanamwimbia, na kila nilipopenya mtu alinirudisha: "Ngoja zamu yako, binti."

Padri Protasi akashika kipaza sauti.

"Chuma hiki kimechongwa na Emilian, mwana wa Ladislaus, mwana wa Othmar, mwana wa Bernadi. Na mkono wa kwanza utakuwa wa mama, Mama Emilian!"

Vigelegele vikapaa. Mama akapanda jukwaani, khanga mpya imemkaa, shingo juu. Sijawahi kumwona amenyooka vile. Akaweka mkono mmoja kwenye tufe. Akainama aione shaba. Uso wake ukawa kiganja kimoja kutoka kwenye ile kalibu.

Nikasikia mtu anapiga kelele. Nilikuwa mimi.

"Mama, acha! Toa uso! Itapasuka!"

Mama aligeuka taratibu, mkono bado uko kwenye tufe.

Emilian ndiye mtu pekee ambaye hakushtuka. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa padri kwa adabu zote.

"Itapasuka kwa nini, dada? Njoo uwaambie watu."

"Mama, shuka," nikasema.

"Waambie."

Nilipanda jukwaani, mguu mmoja na kandambili, mwingine hauna. Nikasema. Nilisema kwamba kalibu niliichonga mimi. Kwamba sikuirudisha motoni. Kwamba niliizamisha kwenye maji makusudi. Kwamba mtego ulikuwa wa Emilian, si wa mama.

Kisha ule mvumo, mnaujua, kama nyuki wameguswa.

"Shetani!" mwanamke mmoja akasema.

"Mama yake mzazi!"

"Nilijua tangu siku niliyoichukua," Emilian akasema kwenye kipaza sauti, tulivu kama mtangazaji wa redio. "Niliigonga kwa ukucha, ikalia kama bilauri. Mimi si mchongaji mkubwa, lakini nimekulia karakana ile. Nikaipeleka Songea kwa fundi, akairudisha motoni, sasa ni salama kama jiwe. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilitaka msikie kwa kinywa chake mwenyewe."

Akageukia wazee waliokaa mstari wa mbele.

"Mmekuwa mkinong'ona kwamba mimi niliuza kalibu za babu. Miaka yote nimevumilia. Sasa nawauliza. Aliyeweza kumtegea ndugu yake chuma kama hiki, alishindwa kuuza kalibu za babu yake? Nani alikuwa anafagia karakana kila siku? Nani alikuwa na funguo?"

Jamani! Niliona nyuso zikigeuka. Niliziona moja moja. Wazee walionibeba mgongoni, waliokula ugali wa mhogo kwetu kwenye matanga ya baba, walikuwa wananitazama kama wameokota nyoka kwenye kuni.

"Ni yeye!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Baba yake alikufa kwa sababu yake!"

Nilikuwa nimechonga shimo, nikalipima, nikalisawazisha kingo, kisha nikaingia mwenyewe na watu wote wakishuhudia. Na kaka yangu amesimama ukingoni kwa suti ya kijivu.

Nilimchukia hapo kuliko siku zote. Nawaambia ukweli wangu: kama ile kalibu ingekuwa mkononi mwangu, ningempiga nayo usoni.

Padri Protasi alisogea. "Mama Emilian, ushuke sasa. Tutamaliza siku nyingine."

Mama hakushuka.

"Emilian," akasema. Hakutumia kipaza sauti, lakini watu walinyamaza wamsikie. "Ulijua tangu Jumanne?"

"Ndiyo, mama."

"Na leo asubuhi ulipomtuma mkeo aniletee khanga, ulijua."

"Ilikuwa imeshatengenezwa, mama. Ni salama."

"Salama kama jiwe."

"Kama jiwe, mama."

"Basi piga wewe."

Emilian akacheka kidogo. "Heshima ni yako, mama. Tumekuita wewe."

"Heshima nimekurudishia. Inama, tazama shaba kama imekaa sawa, upige."

Emilian akabaki amesimama. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Akaufuta kwenye suruali.

"Jua ni kali, mama. Watu wamechoka."

"Watu hawajachoka," akasema mzee mmoja mstari wa mbele.

"Emilian," Sekela akaita kutoka chini, "si upige tu? Si imetengenezwa?"

Na ule mvumo wa nyuki ukabadilika tena, watu wakaanza kutazamana. Mimi nikaanza kutabasamu kwa furaha mbaya. Nilisogea hatua moja nimwone vizuri.

Mama akaniona.

"Usicheke, Tadea. Nilikuuliza kama umeirudisha motoni, ukanijibu ndiyo huku unanitazama usoni. Njoo hapa."

"Mama..."

"Njoo. Mkono una ncha mbili. Emilian, shika ile. Tadea, shika hii."

"Mama Emilian," Padri Protasi akasema, "tafadhali, si hapa mbele ya kanisa."

"Nisamehe, Baba Padri. Hili ni la nyumbani kwangu, ila wanangu wamelileta kwako. Acha nilimalizie walikolileta." Akatugeukia. "Mmoja aliniwekea chuma kibovu. Mwingine amejua ni kibovu, akaniwekea uso wangu juu yake ili amkomeshe mwenzake. Nani kauza kalibu za mume wangu mimi sijui. Mtaniambia sasa. Inameni, wote wawili. Karibu. Karibu kama nilivyokuwa mimi."

Nilishika tufe langu, likawa la moto kwa jua. Emilian akashika lake, maana macho ya pwani nzima yalikuwa juu yake na asingeweza kukataa tena. Tukainama. Vichwa vyetu vikakaribiana kama zamani tulipokuwa tunachungulia sufuria moja.

"Nitahesabu hadi tatu," mama akasema. "Tatu ikifika mzungushe kwa nguvu zenu zote. Atakayeachia kabla, tutajua ndiye aliyeziuza. Moja."

Jasho la Emilian lilidondoka kwenye shaba. Kisha akanong'ona, midomo haichezi, mimi peke yangu nisikie.

"Tadea. Hakuna fundi wa Songea."

Nikageuza macho. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu kama ya mtoto.

"Sikuipeleka popote," akanong'ona. "Nilijua utapiga kelele. Nilijua hutaweza kumwacha mama. Achia, dada. Nakuomba. Achia wewe kwanza, itatupasukia wote."

Nikiachia, mimi ndiye niliyeuza kalibu za babu hadi siku ya mwisho. Akiachia yeye, ni yeye. Tusipoachia...

Nikamtazama yule mwanamke niliyemchonga kwenye chuma. Kisha nikamtazama kaka yangu. Nikakaza vidole vyangu vyote kwenye tufe.

"Mbili," mama akasema.